Vidole vya mafundi seremala: vinakatikaje, nani analipa, na ufanye nini ikikutokea



Ukipita Keko pale Dar utaona vitanda, makabati na sofa vimepangwa mpaka karibu na lami. Manzese, Buguruni, Mwanza, Arusha, Mbeya, mambo ni hayo hayo. Vitu vikali kweli kweli, na vingi vimetengenezwa na vijana wa rika letu. Sasa siku moja acha kuangalia kitanda, angalia mikono ya aliyekitengeneza. Utakuta kidole kimeishia kwenye kiungo cha kwanza, dole gumba halikunji, kucha haikuota tena. Ukiuliza kulikoni, jibu ni moja: "Ajali kazini tu, bahati mbaya."

Makala hii inabishana na hayo maneno mawili ya mwisho. Mashine ya mbao haikati kidole kwa bahati. Inakata kwa sababu zinazojulikana, zinazojirudia, na nyingi zinazuilika kwa kipande cha mbao na misumari minne. Halafu kidole kikishakatika kuna bili. Kwenye karakana zetu nyingi bili hiyo anailipa dogo aliyekatika, wakati sheria ilishasema nani alipe.

Kama wewe ni fundi, saidia fundi, deiwaka, au una kaka anayeshinda kwenye maranda, soma mpaka mwisho.

KARAKANA TUNAYOIZUNGUMZIA

Siyo kiwanda kikubwa chenye afisa usalama na vibao vya njano. Ni banda la mabati, fundi mkuu mmoja, vijana watatu mpaka sita, mashine mbili tatu zilizonunuliwa mitumba au kuungwa hapo hapo na fundi wa kuchomelea. Mkataba ni wa mdomo. Malipo ni kwa siku au kwa pisi. Anayejifunza kazi mara nyingi halipwi kabisa zaidi ya nauli na hela ya kula.

Mambo hayo matatu (mashine ya kuunga, malipo kwa pisi, mkataba wa mdomo) ndiyo yanabeba hadithi nzima. La kwanza linaleta hatari. La pili linaleta haraka. La tatu linafanya ukiumia uonekane kama mpita njia aliyeingia bandani kwa bahati mbaya.

KWA NINI MKONO HAUWAHI

Vijana wengi wanaamini mwenye macho makali na mkono mwepesi haumii. Tupige hesabu.

Bledi ya inchi 10 ina mzingo wa kama sentimita 80. Ikizunguka mara 3,000 kwa dakika, meno yake yanakimbia kama kilomita 140 kwa saa. Bledi yenye meno 40 inapitisha meno 2,000 kila sekunde. Binadamu akishtuka, ubongo mpaka mkono uanze kurudi inachukua kama sehemu moja ya tano ya sekunde. Kwa muda huo yameshapita meno 400.

Maana yake ni kwamba hakuna mkono mwepesi. Kidole kikishafika kwenye bledi kazi imekwisha, unachoweza ni kuhesabu hasara. Kwa hiyo kinga yote lazima iwepo KABLA: kitu cha kuuzuia mkono usifike pale.

MASHINE MOJA MOJA

1. Msumeno wa duara wa mezani

Huu ndio mama wa ajali. Kuna njia mbili. Ya kwanza ni mkono kuteleza kuelekea bledi wakati unasukuma kipande kifupi. Ya pili ni mbao kurudi. Meno ya nyuma ya bledi yanapanda juu. Mbao ikijibana nyuma ya bledi, meno hayo yanaiinua na kuirusha kwako kama mkuki, na mkono uliokuwa umeishika unavutwa juu ya bledi. Mbao mbichi ndiyo hatari zaidi, kwa sababu ikipasuliwa inajifunga yenyewe na kuibana bledi.

Mashine ya dukani inakuja na vitu viwili vya kuzuia hayo: kava juu ya bledi, na bapa la chuma linalosimama nyuma yake ili mbao isijifunge. Kwenye meza za kuunga huvikuti. Na kwenye meza za dukani mara nyingi vimeshang'olewa kwa sababu "vinachelewesha kazi".

2. Msumeno wa mkono uliopinduliwa

Huu ni ubunifu wa mtaani. Msumeno wa umeme wa kushika mkononi unafungwa chini ya meza ya mbao, bledi inachungulia juu, kava ya chini inafungwa kwa waya isirudi, na swichi inakazwa ibaki ON. Ukitaka kuuzima lazima uchomoe kwenye soketi. Ukinasa nguo au kidole, soketi iko mita tatu kutoka ulipo. Hapo mashine imeshanyang'anywa kila kinga iliyotoka nayo kiwandani.

3. Grinda yenye bledi ya mbao

Hii ni noma kuliko zote kwa ukubwa wake. Grinda ndogo ya inchi nne na nusu inazunguka kama mara 11,000 kwa dakika. Ilitengenezwa kwa jiwe la kusaga na kukata chuma. Jiwe halina meno, kwa hiyo haling'ang'anii sana. Ukiweka bledi yenye meno, jino linang'ang'ania mbao, na grinda nzima inaruka kutoka mkononi ikiwa bado inazunguka. Inapotua ni paja, tumbo, shingo au uso. Bledi ikiwa kubwa kuliko grinda yenyewe, kava inatolewa ili iingie, na bledi inazungushwa kwa kasi ambayo haikutengenezewa. Wadau, hii hakuna namna ya kuifanya iwe salama. Ni kuiacha tu.

4. Randa ya umeme ya mezani

Msumeno unakata, randa inasaga. Tofauti hiyo ni kubwa hospitalini. Kidole kilichokatwa safi na msumeno wakati mwingine daktari ana kitu cha kurudishia. Kilichopitiwa na randa hakina kipande kilichobaki. Randa yenye visu 3 inayozunguka mara 5,000 kwa dakika inapiga mara 250 kwa sekunde. Ajali nyingi zinatoka kwenye vipande vifupi: kipande kinapinduka, vidole vilivyokuwa juu yake vinashuka. Kanuni ya mafundi wengi ni hii: kipande kifupi kuliko sentimita 30 hakipitishwi randa ya umeme, kinaendewa kwa randa ya mkono.

5. Msumeno wa mkanda, rauta na mashine ya kukereza

Msumeno wa mkanda una sauti ya upole, ndiyo maana watu wanausogelea bila woga. Rauta inakula ncha za vidole kimya kimya. Mashine ya kukereza haikati sana, yenyewe inavuta: mkono wa shati, kamba ya kofia, mnyororo wa shingoni, nywele ndefu.

Hapa kuna jambo linalowashangaza wengi: USIVAE GLAVU kwenye mashine inayozunguka. Glavu ni za kubebea mbao na kupakia. Karibu na bledi, jino likishika uzi wa glavu linavuta mkono wote.

KINACHOIANDAA AJALI

Mashine ni nusu ya habari. Nusu nyingine ni mazingira.

- Bledi butu. Bledi kali inaila mbao yenyewe. Butu inakulazimisha usukume kwa nguvu, na unaposukuma kwa nguvu ndipo unapoteleza.

- Umeme kukatika. TANESCO wakichukua chao katikati ya kazi, watu wanakaa kupiga stori na swichi imebaki ON. Umeme ukirudi mashine inajiwasha, na mara nyingi kuna mtu ameshaweka mkono pale anasafisha vumbi. Umeme ukikatika, zima na uchomoe.

- Mbao za kubomolea. Ina msumari ndani, bledi inaukuta, jino la bledi linaruka. Jicho ndilo linalolipa.

- Maranda sakafuni. Yanateleza kama sabuni, na yanaficha waya ulio wazi.

- Oda zikibanana. Mteja anataka kabati kesho, malipo ni kwa pisi, mnafanya kazi mpaka usiku kwa taa moja. Kijana aliyechoka na msumeno wa kasi ile hawakai meza moja.

- Mgeni asiyefundishwa. Dogo wa wiki ya kwanza anaambiwa "shika huku, vuta". Akivuta kwa nyuma ya bledi, anakuwa upande ambao mikono yake inaifuata mbao kuelekea kwenye meno.

Soma orodha hiyo tena uone ni mangapi yanaitwa bahati mbaya. Hakuna.

MADHARA YASIYOTOA DAMU

Kidole kikikatika kila mtu anakimbia. Haya mengine hayana kelele, kwa hiyo hakuna anayekimbia.

Vumbi. Mwaka 1995 shirika la kimataifa la utafiti wa saratani (IARC), lililo chini ya Shirika la Afya Duniani, liliweka vumbi la mbao kwenye kundi la kwanza, yaani vitu vilivyothibitika kusababisha saratani kwa binadamu. Saratani yenyewe ni ya ndani ya pua na matundu yaliyo karibu na pua. Ilianza kugunduliwa miaka ya 1960 kwa mafundi samani wa High Wycombe, Uingereza, mji uliojulikana kwa kutengeneza viti. Mbao ngumu ndizo zinazotiliwa mashaka zaidi. Saratani hii ni nadra na inachukua miaka mingi kutokea, ndiyo maana kijana wa miaka 22 haioni. Anachokiona mapema ni mafua yasiyoisha, kifua kubana, macho mekundu, na ngozi kuwasha. Mvule na mpingo zinajulikana kwa kuwasumbua wanaozipasua na kuzipiga msasa.

Kipande cha khanga puani hakizuii vumbi laini, na hilo laini ndilo linalofika ndani kabisa. Barakoa ya aina ya N95 inazuia. Na kujipulizia kompresa ili kutoa vumbi mwilini jioni ni kulirudisha hewani ulivute upya.

Kelele. Msumeno wa duara unaweza kufika desibeli 100. Kiwango kinachotumiwa sana na wataalamu ni desibeli 85 kwa saa 8, na kila zikiongezeka 3 muda unapungua nusu. Piga hesabu: kwa desibeli 100 unabaki na dakika 15 kwa siku. Masikio yakishakufa kwa kelele hayana dawa. Vizibo vya masikio ni vya bei ndogo.

Thina, sila na vanishi. Kizunguzungu na kichwa kuuma mnapopiga dawa siyo "kuzoea", ni sumu inaingia. Pigeni dawa sehemu yenye hewa, mbali na moto na mbali na anayevuta sigara. Vumbi la mbao likiwa hewani linaweza kulipuka, na mvuke wa thina unashika moto hata kabla ya thina yenyewe. Karakana nyingi zinaungua kuanzia hapo.

IKITOKEA: DAKIKA ZA KWANZA

Hii kariri, au ichapishe uibandike ukutani.

1. Zima mashine kwanza, chomoa. Waokoaji nao hukatika.

2. Bana jeraha kwa kitambaa safi, kaza kwa kiganja, inua mkono juu ya usawa wa moyo. Usifungue kuchungulia kila dakika. Damu ikilowa, ongeza kitambaa juu, usiondoe cha chini.

3. Vua pete na saa haraka kabla mkono haujavimba.

4. Usipake mafuta ya taa, dawa ya meno, tumbaku, majivu wala gundi. Vyote hivyo daktari atavikwangua upya, na vinaleta usaha.

5. Kidole kimetoka? Kitafute. Kisafishe kwa maji safi bila kusugua, kifunge kwa kitambaa safi chenye unyevu, kiweke kwenye mfuko wa plastiki na uufunge usiingize maji. Mfuko huo uweke ndani ya chombo chenye maji na barafu. Barafu isigusane na kidole moja kwa moja, inakiua. Kisha nenda nacho. Siyo kila kidole kinarudishika, lakini hiyo siyo kazi ya fundi mkuu kuamua, ni ya daktari wa upasuaji.

6. Kitu kimeingia jichoni: usisugue, usikichomoe. Funika kwa kikombe safi, nenda hospitali.

7. Mbao imekupiga tumboni na hakuna damu: nenda hospitali hivyo hivyo. Damu inaweza kuwa inavuja ndani.

8. Majeruhi asile wala kunywa njiani, anaweza kuhitaji usingizi wa upasuaji. Asipakiwe peke yake kwenye bodaboda, akizirai ataanguka.

9. Uliza sindano ya pepopunda, hata kama kidonda ni cha kijiti tu.

Hospitali unaweza kuulizwa PF3 ya polisi. Msianze kuzunguka wote kutafuta fomu: mmoja amkimbize majeruhi, mwingine aende polisi.

Jambo lingine ambalo mafundi hulipuuza: kidonda kidogo cha kiganjani kinaweza kuwa kimekata kano. Ukiona kidole hakikunji, hakinyooki, au ncha yake imekufa ganzi, hiyo siyo ya plasta. Kano ikishonwa mapema mkono unarudi kazini. Ukingoja miezi miwili, ni kilema.

NANI ANALIPA?

Sasa tufike penye utamu, au uchungu.

Tanzania Bara ina Sheria ya Fidia kwa Wafanyakazi ya mwaka 2008. Sheria hiyo ndiyo iliyoanzisha Mfuko wa Fidia kwa Wafanyakazi, WCF, ulioanza kazi Julai 2015. Kila mwajiri, wa umma au binafsi, anatakiwa kujisajili na kuchangia. Haijalishi ana wafanyakazi elfu moja au wawili. Mchango unatoka mfukoni mwa mwajiri, siyo kwenye mshahara wako. Sekta binafsi ilianza kwa asilimia 1 ya mishahara, ikashushwa hadi 0.6 mwaka 2021, na 0.5 mwaka 2022.

Tuchukue mfano. Kijana analipwa Sh 15,000 kwa siku, anafanya siku 26 kwa mwezi. Hiyo ni Sh 390,000. Asilimia 0.5 yake ni Sh 1,950 kwa mwezi. Ni kama sahani moja ya chipsi. Hiyo ndiyo bei ya kumkinga dogo wako.

Akiumia na akatambuliwa, mfuko unahusika na:

- matibabu;
- malipo ya asilimia 70 ya kipato chake akiwa hawezi kufanya kazi kwa zaidi ya siku 3, hadi miezi 24. Kwa kijana wetu ni Sh 273,000 kwa mwezi akiwa nyumbani;
- fidia ya ulemavu wa kudumu. Ulemavu ukiwa asilimia 30 au chini analipwa kwa mkupuo, ukizidi hapo analipwa pensheni ya kila mwezi;
- utengamao, yaani kusaidiwa arudi kazini au ajifunze kazi nyingine;
- malipo ya msaidizi kwa asiyeweza kujihudumia;
- akifariki, gharama za mazishi na pensheni kwa wategemezi.

Sasa linganisha na kinachotokea mtaani. Bosi anamwahisha hospitali, anatoa elfu hamsini, anasema "pona kwanza". Wiki ya tatu simu haipokelewi. Wiki ya sita yuko mwingine pale mezani, na meza ni ile ile, haina kava.

Taratibu ni hizi. Mwambie mwajiri mapema iwezekanavyo, na mbele ya mashahidi. Mwajiri anatakiwa kupeleka taarifa ya ajali WCF ndani ya siku 7. Madai yasipite miezi 12. Tunza kila karatasi: kadi ya hospitali, risiti, PF3, picha ya jeraha, picha ya mashine, meseji za bosi za kukuita kazini, miamala ya simu ya malipo yako.

Upande wa kuzuia kuna OSHA, Wakala wa Usalama na Afya Mahali pa Kazi, na Sheria ya Usalama na Afya Mahali pa Kazi ya mwaka 2003. Sehemu ya kazi inatakiwa kusajiliwa huko, na wakaguzi wana mamlaka ya kuingia na kuangalia kama mashine zimekingwa. Kupeleka malalamiko hakuhitaji uwe umekatika kwanza.

MASWALI YA KIJIWENI

"Mimi sina mkataba wa maandishi, nitasemaje ni mfanyakazi?"
Sheria ya Taasisi za Kazi ya mwaka 2004, kifungu cha 61, inasema mtu anachukuliwa kuwa mwajiriwa hata likiwepo moja tu kati ya mambo kadhaa: unapangiwa namna ya kufanya kazi, unapangiwa saa, umefanya wastani wa saa 45 kwa mwezi kwa miezi 3 iliyopita, unamtegemea huyo mtu kiuchumi, unapewa vifaa vya kazi, au unamfanyia yeye peke yake. Ukimwambia bosi "mimi deiwaka tu" umejinyima mwenyewe kitu ambacho sheria haijakunyima.

"Mimi ndiye niliyetoa kava, si kosa langu?"
Fidia ya mfuko haijengwi kwenye kutafuta mwenye kosa. Swali la kwanza ni kama umeumia kazini na kwa sababu ya kazi. Kujiumiza makusudi ni habari nyingine.

"Bosi hajajisajili WCF."
Kujisajili ni wajibu wake, siyo wako. Nenda ofisi ya WCF mwenyewe na karatasi zako, usikate tamaa mlangoni.

"Kanipa hela kidogo na karatasi ya kusaini."
Hela ya dawa pokea. Karatasi inayosema huna madai tena usisaini kabla hujaisoma na mtu anayejua.

"Ananifukuza kwa sababu nimeumia."
Hilo linaenda CMA, Tume ya Usuluhishi na Uamuzi. Mgogoro wa kuachishwa kazi unatakiwa kufikishwa ndani ya siku 30. Siku zinakimbia ukiwa unabadilisha bandeji, kwa hiyo tuma ndugu akaulize taratibu mapema.

"Dogo ana miaka 16."
Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya mwaka 2004 inakataza aliye chini ya miaka 18 kufanya kazi kiwandani au penye mazingira hatarishi. Mbele ya msumeno hapana mjadala. Apewe msasa, apewe gundi, ajifunze kupima. Bledi isubiri.

"Karakana ni yangu, sina bosi."
Hapo wewe ndiye mwajiri, na mfuko unawalinda walioajiriwa. Kinga yako ni kava, bima ya afya, na kikundi cha mafundi wenzako chenye akiba ya dharura. Vijiwe vinavyochangiana kwenye misiba vinaweza pia kuchangiana kabla ya kidole.

KWA WADAU WA KENYA

Mafundi wa Gikomba na jua kali wote kwa jumla wana sheria zao mbili za mwaka 2007: ya usalama na afya kazini, na ile ya mafao ya majeraha kazini inayojulikana kama WIBA. Huko mfumo ni tofauti. Hakuna mfuko mmoja wa taifa kama WCF, mwajiri anatakiwa kukata bima kwa kampuni ya bima. Ulemavu kamili wa kudumu unahesabiwa kwa mapato ya miezi 96, na ulemavu wa sehemu unapata asilimia yake. WIBA ilipingwa mahakamani kwa miaka mingi, mpaka Mahakama ya Juu ikaipitisha Desemba 2019. Taarifa zinapelekwa idara ya serikali ya usalama na afya kazini, DOSHS.

YA KUFANYA KESHO ASUBUHI, HELA KIDOGO

- Tengeneza vijiti viwili vya kusukumia mbao, urefu wa kama sentimita 40, mdomo umekatwa kama pembe. Vining'inize kwenye meza kwa kamba visipotee. Mkono usisogelee bledi zaidi ya shubiri moja.
- Rudisha kava. Kama ilipotea, mwambie fundi wa kuchomelea atengeneze, pamoja na bapa la nyuma ya bledi.
- Shusha bledi: izidi unene wa mbao kidogo tu. Meno machache juu, hatari chache.
- Hamisha swichi iwe karibu na goti au kiuno cha anayeendesha mashine, aweze kuizima bila mikono kupita juu ya bledi.
- Simama pembeni kidogo, usisimame kwenye mstari wa bledi. Mbao ikirudi ipite, isikukute.
- Badilisha au noa bledi kabla haijaanza kutoa moshi.
- Fagia mchana, siyo jioni tu. Mwagia maji kidogo kwanza, vumbi lisiruke.
- Nunua miwani ya kinga moja kwa kila mashine, ifungwe hapo hapo kwenye mashine.
- Andika namba ya simu ya bajaji au teksi ya jirani ukutani, kwa maandishi makubwa.

Jumla ya hayo haifiki bei ya kitanda kimoja cha sita kwa sita. Bosi anayesema hana hela ya kava, mwulize bledi mpya alinunua lini na kwa shilingi ngapi.

Na nyie mnaojiita mafundi wakongwe: ule utani kwamba fundi ambaye hajakatika hajafuzu, uacheni. Dogo wa miaka 19 anausikia na anauamini. Kidole hakifundishwi tena kikishatoka, na fundi mwenye vidole kumi vyote baada ya miaka ishirini ndiye aliyefuzu.

Wadau, uwanja ni wenu. Aliyewahi kudai fidia aseme hapo chini ilichukua muda gani na alikwama wapi, ili anayefuata asikwame pale pale. Majina ya watu na karakana tuyaweke pembeni, tujadili hoja.

Nawasilisha.